Vipande vya Mlangoni

Vidole viwili. Ndio upana uliobaki kati ya kigae kizima cha mwisho na kizingiti cha mlango, na Pimamaji alichuchumaa akiutazama kama mtu aliyefika sokoni akagundua kwamba bado amevaa nguo za kulalia.

Alipima tena. Vidole viwili na ukucha.

Hakuna chumba kisicho na vipande. Anayejenga ukuta hajui ukubwa wa vigae vitakavyokuja kulazwa baadaye, wala hajali. Kwa hiyo ukianza na vigae vizima upande mmoja, upande wa pili utakupa nafasi isiyotosha, na hapo lazima ukate. Ufundi si kuvikwepa vipande. Ufundi ni kujua pa kuvificha. Fundi aliyemfundisha kazi, mzee mwenye magoti yaliyovimba kama viazi, alimwambia siku ya kwanza kabla hata hajamruhusu kugusa mwiko: "Vizima vianzie mlangoni. Vipande vipeleke ukuta wa mwisho, chini ya kitanda. Nani atainama kuvitazama?" Kwa miaka kumi na mmoja Pimamaji alikuwa ameifuata kanuni hiyo katika mabafu, majiko, maduka ya dawa na ofisi za mawakili. Vyumba vitatu vya kwanza vya uani kwa shangazi yake alivianzia mlangoni, kama inavyopasa.

Hiki cha nne alikianzia dirishani.

Hakukumbuka kuamua hivyo. Alichokumbuka ni kwamba asubuhi ya juzi aliingia na ndoo ya maji, jua likiwa limelala sakafuni kutoka dirishani hadi katikati ya chumba, naye akasimama na ndoo yake mkononi akiwaza: kitanda pale. Kichwa huku, ili nikifumbua macho nikutane na mwanga. Meza hapa, jiko kwenye ile kona. Kisha akavuta uzi, na uzi ukaanzia palepale ambapo macho yake yangefumbuka. Baada ya hapo mikono iliendelea yenyewe: saruji, kigae, gonga, sikiliza, kingine. Na ilikuwa sakafu nzuri kuliko zote alizowahi kulaza. Ukigonga popote, ilijibu kwa sauti iliyoshiba. Mianya ilinyooka kama mistari ya daftari jipya. Ila tu ilikuwa imeanzia upande ambao fundi haanzii kamwe.

Jina la Pimamaji alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya ile pimamaji ya njano ya kukagulia usawa wa sakafu iliyokuwa haibanduki kwapani mwake, na kwa sababu ya tabia yake ya kuinamisha kichwa anapoingia nyumba ya mtu, kana kwamba anaisikiliza sakafu. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Tangu aanze kujitegemea alikuwa amehama mara tisa, na kila alipohama alibeba vitu vichache zaidi, kama mgonjwa anayepungua uzito.

Wivu wake haukuwa wa magari wala wa mavazi. Mtu akipita na viatu vya bei mbaya, yeye alitazama tu alichokanyaga. Wivu wake ulikuwa wa misumari. Katika nyumba ya shangazi yake misumari ilikuwa kila mahali. Shangazi akitaka kutundika kalenda, alipigilia. Akibadili mawazo, aling'oa, tundu likabaki likikodoa, na hakuna aliyemwuliza. Pimamaji aliyaonea wivu matundu yale. Aliuonea wivu hata ule ufa uliotambaa juu ya mlango wa sebule, kwa sababu Shangazi aliulalamikia kwa sauti ile ambayo mama humlalamikia mtoto wake mtundu mbele ya wageni, lawama nje, majivuno ndani. Yeye kule alikopanga, msumari mmoja ulihitaji ruhusa, na ruhusa ilihitaji mwenye nyumba awe ameamka vizuri. Nguo zake zilikaa katika maboksi ya vigae. Usiku alilala akisoma ubavuni mwa boksi: vipande kumi na viwili, shika kwa uangalifu.

Na sasa hata hicho chumba kilikuwa kinaondoka. Wiki mbili kabla, mwenye nyumba alimwita kibarazani, akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Binti yangu," alimwambia kwa upole wa mtu anayevua bandeji, "kijana wangu anaoa. Chumba nitakihitaji mwisho wa mwezi." Pimamaji alimpongeza. Angemwambia nini? Kijana mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mitano, hajawahi kununua hata bawaba, na alikuwa akipewa paa kama mtu anavyopewa jina.

Ndiyo maana shangazi yake alipomwita aje kulaza vigae katika vyumba vinne vipya vya kupangisha, alikubali ujira mdogo bila kubishana. Alisema tu, huku akijifanya anachunguza mfuko wa saruji, "Shangazi, na mimi natafuta pa kukaa." Shangazi akajibu, "Maliza kwanza. Ya chumba tutaongea."

Tutaongea. Neno hilo Pimamaji alikuwa amelilalia kwa siku kumi na tatu kama godoro.

"Mwanangu, bado tu?"

Shangazi alisimama uani na vikombe viwili vya chai. Alikuwa mwanamke mfupi, imara, mwenye mwendo wa mtu anayebeba kitu hata asipobeba. Miaka ishirini na saba alikuwa dobi wa hospitali. Mashuka ya wodi zote, yenye damu na yenye mambo mengine ambayo hakupenda kuyataja wakati wa kula, yalipita mikononi mwake. Na kwa mshahara huo, mshahara wa dobi, alinunua kiwanja hiki akiwa na miaka ishirini na sita, akajenga vyumba vitano, chumba kimoja kimoja. Pimamaji aliijua hadithi hiyo tangu hajaota meno ya pili. Ilikuwa na kibwagizo: nilijinyima.

"Umebaki mstari wa mlangoni, Shangazi."

"Uumalize upesi basi. Saa kumi kuna mtu anakuja kukiangalia."

Pimamaji alipokea kikombe. "Kuangalia kipi?"

"Chumba. Hiki. Mzee mmoja, alikuwa mpima ardhi, kastaafu. Anamtafutia mwanawe. Kijana kaanza kazi juzi, sijui benki, sijui bima. Baba mtu analipa mwaka mzima mkononi."

"Lakini Shangazi, tulisema tutaongea."

"Si ndiyo tunaongea."

Pimamaji aliweka kikombe chini, juu ya kigae alichokilaza juzi. "Nilidhani hiki..."

"Ulidhani." Shangazi hakusema kwa ukali. Alikalia ndoo iliyofunikwa, akapuliza chai yake. "Nilikwambia nitakupa? Mahali popote nilitamka kwamba nakupa? Nilisema tutaongea. Haya. Bei ni hiyohiyo ya watu wote, miezi sita mbele. Ukiniletea kabla ya saa kumi, mzee namwambia kimekwisha, arudi alikotoka."

"Unajua siwezi."

"Najua."

"Basi sasa tunaongea nini?"

"Tunaongea ili usije ukasema hatukuongea." Shangazi alikunywa. Kisha akashusha sauti. "Unadhani mimi nafurahi? Kiinua mgongo changu chote ni haya matofali. Pensheni inakuja ikijisikia. Mume sina, mtoto sikujaliwa. Nikianguka kesho bafuni, hii sakafu yako nzuri ndiyo itanipeleka hospitali? Hivi vyumba vinne ndio wanangu, na nimewazaa uzeeni. Wewe unataka mmoja wao asifanye kazi."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma Pimamaji. Angependa sana shangazi yake awe mchoyo. Wivu ungepata pa kukaa.

"Na wewe ungejinyima kidogo," Shangazi aliongeza akiinuka. "Ninyi vijana wa siku hizi hela zenu zinaishia kwenye simu."

Simu ya Pimamaji ilikuwa mfukoni, kioo kimepasuka pande tatu, mgongo umeshikwa kwa mpira wa kufungia nywele. Hakuitoa kuionyesha. Alisubiri hatua za Shangazi zifike jikoni, kisha akageukia ile nafasi ya vidole viwili.

Angeweza kusimama hapo. Angeweza kwenda kumwambia: nimekosea, nipe siku tatu, nitang'oa, nitaanza upya mlangoni. Fundi mwenye akili angefanya hivyo. Lakini aliinua kigae, akakiweka kwenye mashine ya kukatia, akaukandamiza mpini, kikatika kwa mlio mkavu kama ganda la ubuyu. Alikata cha pili. Cha tatu. Vilitoka vyembamba kama rula za watoto wa shule, na mtu yeyote angesema haviwezekani, vitavunjika, havitashika. Pimamaji alivilainisha ncha kwa jiwe, kimoja kimoja, akavilaza kizingitini kwa uangalifu ambao hakuna mteja aliyewahi kuulipia. Alikuwa akimfikiria kijana wa benki sijui bima. Alimwona akiamka katika ule mwanga. Alimwona akijinyoosha. Alikigonga kipande cha mwisho kwa mpini wa nyundo ya mpira, taratibu, kama anavyogonga mtu asiyetaka kufunguliwa.

Saa kumi kasorobo geti lilifunguliwa.

Mpima ardhi alikuwa mrefu, kofia ya turubai kichwani, kalamu mbili mfukoni kana kwamba serikali ingemwita tena wakati wowote. Mwanawe alimfuata nyuma, viatu safi, mikono mfukoni. Walikagua cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kupitia ukutani Pimamaji alimsikia mzee akigonga vigae kwa kisigino na kusema, "Naam. Naam." Kisha wakafika cha nne.

"Angalieni mguu," Pimamaji alisema. "Mstari wa mlangoni bado mbichi. Vukeni."

Kijana aliuvuka kwa hatua moja, akaingia hadi katikati. "Habari za kazi, dada."

"Nzuri."

Alizunguka taratibu. Mwanga wa alasiri haukuwa na nguvu kama wa asubuhi, ila uliingia. Kijana alitazama dirisha, akatazama chini, akafuata kwa macho mistari iliyotoka ukutani na kuja kwake bila kupinda. Akatabasamu kama mtu aliyesalimiwa.

"Baba, hapa naweka kitanda," alisema. Alikuwa amesimama palepale. "Kichwa huku."

Pimamaji alimchukia, akaona aibu, kwa sababu kijana hakuwa na kosa lolote. Alikuwa na adabu, alikuwa na sura njema, na alikuwa na baba. Pimamaji alitamani ajikwae.

Mzee hakuingia. Alisimama kizingitini na kofia yake, akatazama chini. Akainama. Akavua kofia.

"Fundi ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Na vile vitatu ni wewe?"

"Mimi."

"Vile umeanzia mlangoni. Hiki umeanzia dirishani." Aliinuka akishika kiuno. "Miaka thelathini na tano nimepima ardhi za watu, dada. Nikiona mstari, najua aliyeuvuta alisimama wapi. Fundi husimama mlangoni, maana ndiko atakakotokea akimaliza. Anayesimama kule ndani ni mwenye kukaa." Akamgeukia Shangazi, ambaye alikuwa amekuja nyuma yake na ufunguo mkononi, akacheka kwa koo. "Mama, fundi wako amejipangia chumba chake."

Shangazi aliangalia chini. Aliviona vile vipande kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikwenda dirishani, yakarudi mlangoni, yakapanda hadi usoni kwa mpwa wake, na ilikuwa kama kumwona mtu akisoma barua.

"Umefanya makusudi," alisema polepole. "Ili kisipangishike."

"Sakafu iko sawa, Shangazi. Pima popote."

"Sijauliza kama iko sawa."

"Haina kasoro, mimi nakipenda," kijana alisema kutoka ndani, ila hakuna aliyemsikiliza, kama ambavyo hasikilizwi mtu anayelipiwa.

"Tutachukua kile cha pili," mzee aliamua. "Hiki utapata tabu nacho, mama. Kila atakayeingia ataviruka hivi kama anaruka mfereji. Na atakwambia upunguze bei."

"Mwombe mzee radhi," Shangazi alimwambia Pimamaji. "Kapotezewa muda."

"Aa, haidhuru, haidhuru. Vijana." Mzee alivaa kofia. "Hawana subira. Wangu huyu nikimwambia nilivyoishi kwenye kibanda cha mabati mpaka msingi ukakamilika, ananiangalia kama namsimulia habari za wafalme."

"Uniambie mimi," Shangazi alisema, na sauti yake ikalegea kidogo, maana alikuwa amepata mwenzake. "Mwaka mzima nililala chumba kisicho na mlango. Natundika shuka. La hospitali, tena lililochanika."

"Unaona? Na leo una nyumba."

"Kwa mshahara wa dobi."

"Mimi nilijenga mbili," mzee alisema, na wote wawili wakacheka, kicheko cha watu waliokutana safarini wakagundua kwamba walipanda gari moja. Kilikuwa kicheko kizuri. Pimamaji alikisikia akiwa amepiga magoti, saruji imemkauka hadi kwenye viwiko, na hakuwa sehemu yake.

"Mlikuwa na bahati," alisema.

Kicheko kilikatika.

"Unasema?" Shangazi aliuliza.

"Nasema mlikuwa na bahati."

Mzee alikohoa, akamshika mwanawe begani. "Twende tukakitazame tena kile cha pili," alisema, na wakaondoka, kijana akivivuka vile vipande kwa mguu wa juu sana, kama anayevuka mtu aliyelala.

Shangazi hakupandisha sauti. Hilo lilikuwa baya zaidi. "Niite mchoyo. Niite mkali, nimezoea, wodi nzima walikuwa wakiniita hivyo. Usiniite mwenye bahati. Bahati gani? Nilikula mlo mmoja. Nilivaa viatu vya plastiki mpaka miguu ikanuka. Nilibeba maji ya zege kichwani, mwenyewe, baada ya zamu. Hiyo ndiyo bahati?"

"Ulifanya kazi. Sikatai."

"Basi?"

"Kiwanja ulinunua kwa mishahara ya miezi minne. Wewe mwenyewe ndiye unayesimulia. Nenda leo pale hospitali, mwulize anayefua mashuka yaleyale. Wanalala watatu chumba kimoja. Hawajinyimi? Mimi sijinyimi? Nina miaka kumi na mmoja magotini, Shangazi, sijawahi kulala juu ya kigae nilichokilaza."

"Baba yako alipewa nafasi ya kununua kiwanja jirani na hiki," Shangazi alisema. Alinyoosha kidole juu ya ukuta, kulikokuwa na ghorofa moja jeupe la mtu wasiyemjua. "Hicho hapo. Bei ileile, mwezi uleule. Nilimwambia: kaka, nunua. Akasema nani atakaa huku porini na fisi. Akanunua pikipiki. Naye alikuwa na bahati? Mbona haikumjengea?"

"Baba alipewa nafasi akaikataa," Pimamaji alisema. "Mimi sijapewa hata ya kukataa."

Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya mzee akipima kwa hatua, moja, mbili, tatu.

"Kwa hiyo una wivu," Shangazi alisema.

"Ninao."

"Hadi mimi unanionea. Damu yako."

"Hasa wewe. Wa mbali namwonea wivu nikiwa na nafasi."

Ilitaka kuwa mzaha, ila hakuna aliyecheka. Shangazi alikwenda kumalizana na wapangaji wake. Pimamaji alimsikia akihesabiwa, akisema asante, akisema karibuni sana, geti likafungwa. Alianza kuosha vyombo vyake: mwiko, ndoo, nyundo. Alifikiri shangazi yake angeingia ndani asirudi. Lakini alirudi. Alivivuka vile vipande kwa kushika mlango, akaingia hadi dirishani, akageuka, akasimama akiutazama mlango kutokea huko.

"Kitanda ulikiweka hapa," alisema.

"Hapo."

"Kichwa huku."

"Huko."

Shangazi aliketi. Aliketi sakafuni kabisa, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele yake kama mtoto, na viganja akaviweka juu ya vigae pande zote mbili. Kutokea pale mistari ilitoka kwake ikienda, mirefu, bila kukatika, na ile mikato ya mlangoni haikuonekana kabisa, kizingiti kiliificha. Pimamaji aliacha kuosha.

"Hakuna mwenye macho atakayekitaka hiki," Shangazi alisema mwishowe. "Kichukue. Nusu bei. Ya mbele sitaki. Lipa mwezi kwa mwezi, ukichelewa uniambie, usijifiche. Pigilia misumari yako. Sitakuja kuhesabu."

Pimamaji alishika ukingo wa ndoo.

"Ila lile neno ulirudishe." Shangazi aliinua mikono kutoka sakafuni, akaigeuza. Vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea ndani, vifundo vimevimba, ngozi kati ya vidole imebabuka na kuwa nyeupe kwa dawa za kufulia, na kucha mbili hazikuwahi kurudi. "Hii siyo bahati. Sema tu: Shangazi, nisamehe, haikuwa bahati. Mara moja. Halafu ulale hapa leo hii. Yatabaki kati yangu na wewe, hakuna atakayejua."

Maneno manne. Pimamaji aliyahesabu hata hivyo, mazoea ya kazi. Yangemtoka kinywani bila kugusa meno. Aliwaza mwisho wa mwezi, siku nane. Aliwaza maboksi. Aliitazama ile mikono, na aliipenda, kwa sababu ndiyo iliyomwogesha alipokuwa mdogo. Kisha akaitazama yake mwenyewe, ikiwa imelala juu ya magoti. Ilikuwa imepasuka hivyohivyo. Ncha za vidole zilikuwa zimelika hadi zisiache alama kwenye kioo. Ilibakiza miaka kumi na sita tu kufikia ya Shangazi, na haikuwa imeshika ufunguo wa kitu chochote.

Geti liligongwa kwa sarafu.

"Hodi! Samahani, nimesikia kuna chumba."

Shangazi hakugeuza kichwa. Alikuwa bado ameishikilia mikono yake hewani, anasubiri. "Sema, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nisije nikamwitikia huyo wa getini."

"Hodi hapa," sauti ilirudia nje, ya mwanamke, ya kijana, ya mtu aliyetembea sana siku hiyo.

"Radhi siombi, Shangazi," Pimamaji alisema. "Wala kesho."